Mfumo wa Hospitali Umtazame Aliye Hatarini Kwanza

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wananchi waliokusanyika Madale, Dar es Salaam)



Tumeombwa tuseme juu ya kompyuta za hospitali, hasa zile za idara ya dharura. Pengine baadhi yenu mtasema kuwa hilo ni shauri la waganga na mafundi. Sivyo. Bodaboda ikianguka usiku katika barabara yetu, anayelala chini ni mtoto wetu. Kwa hiyo shauri hili ni letu sote.

Wazee wanajua tulikotoka. Wakati wa ukoloni mlango wa hospitali ulifuata rangi ya ngozi. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikwenda Sewa Haji. Mwaka 1956 ikafunguliwa Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ndiyo Muhimbili. Mlango wa rangi tuliuvunja. Leo twauliza: je, tumejenga mlango mwingine?

Tuliyoyaona ni haya. Tulimwokota kijana aliyegongwa, tukamfikisha katika hospitali moja ambayo hatutaitaja. Karani akatuuliza jina la mgonjwa, simu yake, na bima yake. Kijana hakuweza kusema, nasi hatukumjua. Kompyuta ikakataa kwenda mbele mpaka nafasi zote zijazwe na namba ya malipo itoke. Huku damu yatoka, akaitwa ndani mtu mwenye mafua, kwa kuwa yeye alitangulia kufika. Kijana alipona kwa sababu muuguzi mmoja aliyekuwa akipita alimwona, akaacha foleni, akamwingiza. Yaani aliokolewa na mtu aliyeuvunja utaratibu. Ndugu zetu, utaratibu ambao lazima uvunjwe ili mtu apone haufai.

Je, tuilaumu mashine? Hapana. Mashine hufanya ilivyoamriwa, nayo iliamriwa kutanguliza karatasi na fedha. Basi iamriwe vingine.

Jambo lenyewe si geni. Zaidi ya miaka 200 iliyopita Larrey, mganga wa majeshi ya Napoleon, aliagiza majeruhi watibiwe kwa ukubwa wa jeraha, si kwa cheo. Siku hizi kuna mizani iliyotungwa Afrika Kusini. Muuguzi hupima pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili, na kama mgonjwa ana fahamu na aweza kutembea. Kisha humpa rangi. Nyekundu hutibiwa papo hapo, rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, na kijani aweza kungoja hata saa nne. Mafua ni kijani. Kijana wetu alikuwa nyekundu.

Hapo ndipo kompyuta inapokuwa msaada mkubwa. Kila mtu apewe namba moja ya maisha yake, na kila anapokuja lifunguliwe hudhurio jipya chini ya namba ile ile. Asiyejulikana afunguliwe hudhurio kwa namba ya muda, na jina lake lifuate baadaye. Saa ya kufika iandikwe, kadhalika saa ya kupimwa, ya kuonwa na mganga, na ya kuondoka. Orodha ijipange kwa rangi, na mgonjwa aliyepitisha dakika zake aonekane mbele ya wote. Mwisho hudhurio lifungwe kwa neno la kweli: karuhusiwa, kalazwa, kahamishiwa kwingine, kafariki, au kaondoka bila kuonwa.

Neno hilo la mwisho lina uzito. Aliyechoka kungoja akarudi nyumbani hahesabiwi katika daftari la wagonjwa waliotibiwa. Asiyehesabiwa hana wa kumtetea.

Nchi yetu haianzi na mikono mitupu. Vitabu vya MTUHA twavijua tangu miaka ya 1990. Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, na mwaka huo huo yakaanza mafunzo ya mabingwa wa tiba ya dharura. Serikali imetengeneza mfumo wake wenyewe, GoTHoMIS, kwa hospitali na vituo vya umma. Tangu mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, majengo ya dharura yamejengwa katika hospitali nyingi. Basi lililobaki ni kuona kwamba ndani ya majengo hayo utaratibu ni wa haki.

Tuseme pia yenye hatari. Umeme hukatika, kwa hiyo fomu za karatasi ziwepo karibu, na yaliyoandikwa yaingizwe baadaye. Siri ya mgonjwa ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yailinda, na karani asiye na kazi na faili asilifungue. Tena kompyuta haifungi kidonda. Pasipo muuguzi wa kutosha mlangoni, rangi zote ni mapambo.

Basi tufanye nini? Vituo vya Serikali vina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wajumbe hao ni wetu. Tuwatume wakaulize maswali matatu: Mgonjwa wa rangi nyekundu hungoja dakika ngapi? Wangapi mwezi uliopita waliondoka bila kuonwa? Je, asiye na jina wala fedha aweza kufunguliwa hudhurio? Mfumo ulio mzuri huyajibu mawili ya kwanza kwa dakika moja. La tatu hujibiwa mlangoni, usiku, mbele ya mtu anayevuja damu.

Zamani tulikataa kupangwa kwa rangi ya ngozi. Tusikubali leo kupangwa kwa uzito wa mfuko. Rangi tunayoitaka hospitalini ni ile ya kuonyesha nani yu hatarini zaidi.