Kamera Ni Shahidi, Si Mlinzi

Siku hizi ukipita Msamala, Bombambili, Mjimwema na mitaa mingine ya Manispaa yetu ya Songea, utaona chini ya mapaa ya nyumba za watu wa kawaida kijicho cha kioo kinachotazama uani. Zamani jicho hilo lilikuwa la benki. Leo mwalimu analo, mwenye duka la pembejeo analo, na hata mkulima aliyejaza gunia za mahindi stoo anaulizia bei yake. Kwa hiyo wiki hii nimeona tuzungumze juu ya kamera za ulinzi majumbani: namna ya kuzichagua, namna ya kuzifunga, na hatari yake zikitumiwa ovyo.

Kwanza tujue zilikotoka. Mwaka 1966 muuguzi mmoja wa jijini New York, Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe Albert aliyekuwa fundi wa vyombo vya elektroniki, waliomba hataza ya kamera ya nyumbani. Mama huyo hakuwa tajiri. Mara nyingi alikuwa peke yake nyumbani usiku, na polisi walichelewa kufika walipoitwa. Kamera yao ilichungulia kwenye matundu ya mlango na kupeleka picha katika televisheni ya chumbani. Hataza waliipata Desemba 1969. Angalieni, wasikilizaji, alichotaka kujua mama yule: ni nani yuko mlangoni kwangu? Hakuuliza jirani anapika nini. Tukilishika swali hilo moja, hatutapotea.

Kamera haimkamati mtu. Haipigi filimbi, wala haibweki kama mbwa wa uani. Mlango mbovu wenye kamera juu yake ni mlango mbovu bado. Basi fedha ya kwanza iende kwenye komeo, nondo za dirisha na taa. Kazi ya kamera ni kutoa ushahidi, na shahidi lazima apimwe kabla hajaaminiwa.

Je, shahidi huyu ana macho? Wauzaji hupenda kusema kamera yao inaona uwanja mzima. Ni kweli inaona, lakini kumwona mtu si kumtambua. Wataalamu wana kipimo chao: ili sura ya mtu usiyemjua itambulike, kila mita moja ya eneo linaloonekana inahitaji kupata pikseli 250. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya, utapata kwamba eneo linaloonekana lisizidi mita 7 na nusu. Kwa lenzi pana ya milimita 2.8, hiyo ni takriban hatua tatu nne tu kutoka kamera ilipo. Zaidi ya hapo utaona umbo la mtu, lakini sura hutaijua. Lenzi ya milimita 6 huona sehemu nyembamba zaidi, ila hufika karibu mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kamera mbili asizitupe zote kwenye pembe za paa. Moja iwe ya geti au mlango, mahali ambapo kila mtu hana budi kupita, na ifungwe si juu sana, maana kamera iliyo juu mno hupiga picha za kofia. Ya pili ndiyo itazame uwanja kwa upana.

Je, anaona usiku? Kamera nyingi huwasha mwanga wao usioonekana kwa macho. Mwanga huo ukigonga ukuta au bati lililo karibu, hurudi kwenye lenzi na picha yote hugeuka weupe. Buibui nao hupenda kutanda mbele yake, na vumbi letu jekundu la kiangazi hulifunika jicho kama ukungu. Chukua kitambaa laini, ulisafishe mara kwa mara. Ukiweza, weka taa ya kawaida karibu na geti. Hiyo husaidia kamera na humkera mwizi.

Je, ana kumbukumbu? Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21 hivi kwa siku. Kamera nne zitaijaza diski ya terabaiti moja kwa siku 11, kisha picha mpya zitaanza kufuta za zamani. Anayesafiri kwenda Dar es Salaam kwa wiki tatu alifikirie jambo hilo kabla hajaondoka. Na asije mtu akakudanganya kwamba picha zote zipelekwe kwenye intaneti mchana na usiku: hesabu gigabaiti hizo 21 kwa bei ya bando, utakimbia mwenyewe. Rekodi ibaki nyumbani, simu ipelekewe taarifa tu pale kitu kinapotikisika.

Kinasa chenyewe kisikae sebuleni kando ya televisheni. Mwizi akiingia atabeba vyote viwili, na shahidi wako ataondoka mikononi mwa mshtakiwa. Kifungie kabatini, chumba cha ndani, mahali penye hewa.

Je, anakaa macho? Tangu mwaka 2018 Songea ilipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, tumesahau kero nyingi za zama za jenereta. Hata hivyo umeme hukatika, na mwizi hupenda giza. Kamera nne na kinasa chake hutumia wati 40 hivi. Betri ya volti 12 na ampea 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itakupa saa 12 au zaidi kidogo. Tena masika yetu yana radi. Mwambie fundi afunge kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla, na atumie waya wa shaba tupu, si ule wa aluminiamu uliopakwa shaba juu.

Je, anasema kweli? Hapa kuna jambo dogo linaloharibu kesi kubwa. Kamera huandika saa ya kizungu: saa saba usiku yeye huandika 01:00. Mwenye nyumba akiandikisha maelezo polisi kwamba wizi ulitokea saa moja, shahidi na mlalamikaji wameshapishana. Hakikisha saa ya chombo ni sahihi, na ukisoma, geuza kwa makini.

Neno la siri la kiwandani nalo libadilishwe siku hiyo hiyo ya kufunga, mbele ya fundi, kisha fundi asilijue jipya. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na vinasa vya watu wengi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Wenyewe walikuwa wamelala, vyombo vyao vikitumika kuangusha tovuti za watu wengine.

Sasa, ndugu zangu, nifike kwenye lililonisukuma kuzungumza leo. Tuseme pikipiki imeibwa Lizaboni. Kamera imeonyesha kijana mwenye koti jeusi, sura haionekani. Kabla ya saa moja picha imo katika makundi ya simu, na mtu ameandika chini yake: huyu namfahamu. Tunajua wananchi wenye hasira wakishika mawe hawaulizi pikseli ni ngapi. Koti jeusi la Juni, kwa baridi hii ya Songea, nani hana? Pikipiki hununuliwa nyingine. Kijana wa watu harudi.

Kwa hiyo picha ipelekwe polisi, na mwenyekiti wa mtaa ajulishwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo mahakamani, lakini mahakama huangalia ulivyorekodiwa na ulivyotunzwa. Acha rekodi ya asili ndani ya kinasa, usiikatekate.

Tena, jicho lako likome kwenye mpaka wako. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kamera inayotazama bafu la nje la jirani si ulinzi, ni uchokozi. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuweka jicho mlangoni kwa mpangaji kimya kimya. Na binti wa kazi aambiwe kamera ziko wapi. Chumbani kwake na maliwatoni isiwekwe kamwe. Yeye naye ana baba na mama huko Namtumbo au Mbinga waliomkabidhi kwako.

Mwisho, msidhani kamera imeondoa haja ya ujirani. Kamera itakuonyesha asubuhi aliyeingia usiku. Jirani ndiye atakayetoka na tochi usiku ule ule ukipiga yowe. Basi kabla hujapanda ngazi kufunga chombo chako, vuka ua umweleze jirani kitatazama wapi. Huenda akakubali cha kwako kilinde geti lake, naye alinde lako.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.