Nyaraka za Familia Zisipotee na Kompyuta Moja: Kushirikishana Mafaili Ndani ya Nyumba

Mada ya Kitengo cha TEHAMA kwa wananchi kuhusu matumizi salama ya kompyuta nyumbani



Ichukuliwe nyumba moja kuwa mfano. Mama ni mwalimu, naye ana kompyuta mpakato ya kuandalia masomo. Sebuleni ipo kompyuta ya mezani ambayo baba alikuwa akiitumia kutunza hesabu za shamba na duka. Mtoto wa kwanza amemaliza kidato cha sita na anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Nakala ya cheti chake cha kuzaliwa ilikwisha kuskaniwa na baba, nayo imo katika kompyuta ya sebuleni pamoja na picha za mkataba wa mauziano ya shamba, risiti za ada na orodha ya wadaiwa wa dukani. Baba amefariki dunia. Hakuna mwingine anayeijua nywila yake, na siku za maombi zinahesabika.

Mfano huu unaweza kuwa wa nyumba yoyote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari la familia nyingi limo ndani ya kompyuta moja, chini ya nywila ya mtu mmoja. Shabaha ya mada hii ni kueleza namna kompyuta za nyumba moja zinavyoweza kutumia mafaili kwa pamoja, ili nyaraka za familia ziwafikie wenye haki nazo na zisiwafikie wasiohusika.

Mtandao wa nyumbani si intaneti

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili tofauti. Ruta, yaani kile kisanduku kinachosambaza Wi-Fi, hufanya kazi mbili: huziunganisha kompyuta za ndani zenyewe kwa zenyewe, kisha huzitoa nje kwenda katika intaneti. Bando likiisha, kazi ya pili husimama, lakini ile ya kwanza huendelea maadamu ruta ina umeme.

Faida yake huonekana kwa hesabu ndogo. Video ya somo yenye megabaiti 700, ikipandishwa katika intaneti kutoka kompyuta moja na kushushwa katika nyingine iliyo chumba cha pili, hula megabaiti 1,400 za bando la familia. Ikipita katika ruta ya ndani, hailipi chochote. Barua pepe nayo ina mipaka. Gmail, kwa mfano, haitumi kiambatisho kinachozidi megabaiti 25.

Wengi hukimbilia flashi. Kifaa hicho kina manufaa, lakini hupotea, hubeba virusi kutoka kompyuta za watu wengine, na kila kinapotumika huzaa nakala mpya. Baada ya mwezi mmoja nyumba huwa na faili liitwalo “hesabu”, jingine “hesabu mpya” na la tatu “hesabu mpya kabisa”, wala hakuna ajuaye lipi ndilo sahihi. Faili likikaa mahali pamoja na kufunguliwa na wote kutoka hapo, tatizo hilo huondoka.

Lugha ambayo kompyuta husemezana

Ili kompyuta mbili zielewane, zinahitaji utaratibu wa pamoja. Ule unaotumika zaidi majumbani hujulikana kwa herufi SMB. Ulianzia katika kampuni ya IBM miaka ya 1980, kisha Microsoft ikauendeleza ndani ya Windows. Mwishoni mwa mwaka 1991, Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi jijini Canberra, Australia, alianza kuandika programu iliyoziwezesha kompyuta za aina nyingine kutumia utaratibu huo. Programu hiyo baadaye ilipewa jina Samba, neno lililopatikana kwa kutafuta katika kamusi maneno yenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Kwa sababu hiyo, leo kompyuta ya Windows, ya Linux na ya Mac zaweza kufungua mafaili ya pamoja bila kujali tofauti zao.

Maamuzi kabla ya vitufe

Kosa la kawaida ni kuanza kubonyeza kabla ya kuamua. Familia ikae na karatasi, igawanye mafaili yake katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la mafaili ambayo wote wanaruhusiwa kuyasoma, lakini mmoja au wawili tu ndio wanaoruhusiwa kuyabadilisha: nakala za vyeti, mikataba, risiti za ada na kadi za kliniki. Fungu la pili ni la mafaili ambayo wote husoma na kuandika: picha za familia, masomo ya watoto na orodha za matumizi. Fungu la tatu ni la yale yasiyoshirikishwa kabisa: siri za benki na kazi za ofisini.

Kisha ichaguliwe kompyuta moja iwe ghala. Ifaayo ni ile isiyohama nyumbani. Katika mfano uliotangulia, hiyo ni kompyuta ya sebuleni.

Hatua sita

Hatua zifuatazo zinahusu Windows 10 na Windows 11.

Kwanza, kompyuta zote ziunganishwe na ruta ile ile, kwa Wi-Fi au kwa waya. Isitumike Wi-Fi ya wageni, kwa kuwa ruta nyingi huwazuia waliomo humo kuziona kompyuta za ndani. Kizuizi hicho ni kizuri. Wageni na wawekwe huko.

Pili, kompyuta ya ghala ipewe jina fupi lisilo na nafasi wala kuzidi herufi 15. SEBULENI ni jina linalotosha.

Tatu, katika mipangilio ya mtandao, Wi-Fi ya nyumbani iwekwe katika hali ya “Private”. Hali ya “Public” ni ya hotelini, stendi na sehemu nyingine za watu wengi, na huificha kompyuta kwa makusudi. Baada ya hapo, ruhusa ya kompyuta kuonekana na ruhusa ya kushirikisha mafaili ziwashwe kwa mtandao wa faragha pekee.

Nne, ndani ya SEBULENI kila mwanafamilia afunguliwe akaunti yake yenye nywila. Hapa ndipo wengi hukwama. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, haimpokei kupitia mtandao mtu ambaye akaunti yake haina nywila. Aidha, tarakimu za siri zinazofungulia kioo si nywila. Mtandao huitaka nywila yenyewe.

Tano, litengenezwe kabrasha, ambalo wengi huliita folda, na lipewe jina, tuseme Nyaraka. Libonyezwe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, lichaguliwe neno “Properties”, kisha “Sharing”, kisha kitufe cha “Share”. Hapo waongezwe wahusika mmoja mmoja, na kila mmoja apewe haki yake: “Read” kwa msomaji, “Read/Write” kwa mwenye ruhusa ya kubadilisha. Asiwekwe “Everyone”, maana yake ni watu wote. Wala isishirikishwe diski nzima ya kompyuta. Anayekuja kuchukua kikombe hapewi funguo za vyumba vyote.

Sita, katika kompyuta ya mama lifunguliwe dirisha la mafaili, na juu kabisa, panapoandikwa anwani, paandikwe \\SEBULENI. Kompyuta itauliza jina la mtumiaji na nywila, yaani zile za akaunti iliyofunguliwa katika hatua ya nne. Jina likikataliwa, liandikwe pamoja na la kompyuta, kwa mfano SEBULENI\mama. Kabrasha likishaonekana, laweza kupewa herufi ya kudumu, kama N, likawa linaonekana kama diski ya ndani.

Mafaili yasipoonekana, chanzo aghalabu ni kidogo: kompyuta ya ghala imezimwa au imelala, au mojawapo imejiunga na Wi-Fi nyingine. Yakiwa hayo siyo, jaribio zuri ni kutumia anwani ya tarakimu badala ya jina. Anwani hiyo hupatikana kwa kuandika neno ipconfig katika dirisha la amri la kompyuta ya ghala. Majumbani anwani hizo kwa kawaida huanza na 192.168, nazo zimetengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani.

Mlango usiachwe wazi

Tarehe 12 Mei 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kwa muda wa saa chache. Ilipita katika udhaifu wa toleo la kwanza la utaratibu huu huu wa SMB, ikayafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kompyuta katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, na nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya udhaifu huo tarehe 14 Machi mwaka huo huo. Miezi miwili ilipita, na kompyuta nyingi zilikuwa bado hazijayapokea.

Funzo kwa familia ni bayana. Masasisho ya Windows yasiahirishwe kila siku. Kompyuta ya zamani ikikataa kuunganishwa mpaka toleo la kwanza la SMB liwashwe, lisiwashwe. Heri kompyuta hiyo ibaki nje ya mtandao wa mafaili. Ukuta wa ulinzi wa kompyuta usizimwe kwa kisingizio kwamba unasumbua. Nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo mara nyingi hutoka dukani ikiwa inajulikana na wengi, ibadilishwe siku ya kwanza. Na jirani akiomba Wi-Fi, apewe ile ya wageni.

Kazi za ofisini na haki za watu wengine

Katika nyumba ya mfano, mama ni mwalimu. Alama za wanafunzi na namba za simu za wazazi si mali ya familia yake, wala si za kuwekwa katika kabrasha ambalo watoto hulifungua. Hivyo hivyo kwa muuguzi, mtendaji wa kijiji na karani wa chama cha ushirika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa. Kuona kabrasha la jirani limeachwa wazi si ruhusa ya kulifungua.

Kushirikishana si kuhifadhi

Wapo wanaodhani kwamba mafaili yakishaonekana katika kompyuta tatu, basi zipo nakala tatu. La hasha. Faili ni lile moja lililomo katika ghala, na kompyuta nyingine hulitazama tu. Ghala likiibwa au diski yake ikifa, wote wamepoteza. Hatari nyingine ni kwamba faili linalofutwa kupitia mtandao kwa kawaida haliendi katika kapu la taka la kompyuta. Hutoweka moja kwa moja. Ndiyo maana haki ya kuandika haigawiwi kwa kila mtu.

Kwa hiyo nakala ziwe mbali na ghala. Familia inunue diski ya nje, inakili mafaili yake walau mara moja kwa mwezi, kisha iichomoe, kwani diski inayobaki imechomekwa hufikiwa na virusi kama diski nyingine yoyote. Nakala moja zaidi iwekwe nje ya nyumba, kwa ndugu anayeaminika, kwa kuwa moto na mwizi havichagui chumba. Hati halisi za ardhi na vyeti halisi vyote vitunzwe vilevile. Picha ya kompyuta husaidia kuvitambua na kuvifuatilia vikipotea, lakini haichukui nafasi yake.

Mwisho kabisa, watu wazima wawili, si mmoja, wawe na akaunti zenye mamlaka kamili juu ya kompyuta ya ghala. Nywila za dharura ziandikwe, zitiwe katika bahasha iliyofungwa, na iwekwe panapowekwa hati za nyumba. Kuzungumza juu ya bahasha hiyo si kumwombea mtu mauti. Ni kuwaondolea wanaobaki mzigo wa pili juu ya msiba.

Lau nyumba ya mfano ingalifanya hayo, mama angaliketi mezani pake, akafungua kabrasha la Nyaraka, na cheti cha mwanawe kingalipatikana papo hapo. Kazi yote iliyoelezwa hapa haizidi alasiri moja ya Jumapili. Mwananchi atakayekwama asione haya kufika katika Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri na kuuliza.