Kupiga Chabo kwa Mkono wa Mtu



Kuna swali ambalo vijana, na wazee pia tukisema kweli, huuliza kwa sauti ya chini: nitaangaliaje stori ya fulani Instagram bila jina langu kuonekana? Anayeuliza anaweza kuwa mchumba aliyeachwa, wifi mwenye mashaka, au mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kujua mwenzake kashusha mzigo gani. Jibu lipo, tena la bure. Zipo tovuti chungu nzima za kazi hiyo: unaandika jina la akaunti, unabonyeza, picha zinakuja. Hukuulizwa nywila, hukuingia kwa akaunti yako. Umepiga chabo na umeondoka.

Anayezungumzwa siku zote ni mpiga chabo. Jioni hii tumzungumze mwenye tovuti.

Tuanze na ufundi wenyewe. Ukifungua stori kwa simu yako, yanatendeka mambo mawili ingawa wewe unaliona moja. Simu inaomba picha kwenye seva za Instagram, inapewa. Halafu inatuma ujumbe mwingine kimyakimya: fulani ameona. Huo wa pili ndio unaoliingiza jina lako kwenye orodha ya watazamaji. Ndiyo maana wapo wajanja wanaoziacha stori zijipakie kwanza, wakazima data, ndipo wakatazama. Shida ni kwamba wakiwasha tena, mara nyingine ule ujumbe unachomoka na kuwaumbua.

Tovuti hizi zinaomba picha na hazitumi ujumbe wa pili. Lakini stori haitolewi kwa mtu ambaye hajaingia kwa akaunti, kwa hiyo mwenye tovuti anafuga akaunti zake, nyingi feki, na kuzipitisha kwenye njia za intaneti za nchi mbalimbali ili Instagram isizishtukie. Ukiandika jina, mojawapo ya akaunti hizo ndiyo inayokwenda kuchukua picha na kukuletea. Ni sawa na kumtuma mtoto wa jirani akachungulie uani kwa watu: waliomo uani hawajui aliyetuma, lakini mtoto anajua, na kesho anaweza kumsimulia yeyote.

Na mwenye tovuti anajua mengi. Anajua simu yako ni ya aina gani, uko mji gani, unatumia mtandao wa kampuni ipi. Anajua saa uliyokuja. Kubwa zaidi, anajua jina uliloandika. Kama unarudi kila usiku kuliandika jina lilelile, kuna kumbukumbu mahali fulani inayoonyesha hivyo. Shoga yako wa karibu hana habari, mumeo hana habari, ila mtu usiyejua hata nchi anayoishi anaweza kuwa nayo. Tena huenda hayuko peke yake. Tovuti za bure zinaishi kwa matangazo, na matangazo huja na vifuatiliaji vyake. Pale ambapo jina ulilolitafuta linawekwa ndani ya anwani ya ukurasa, na ni jambo la kawaida, kampuni ya matangazo iliyotega kifuatiliaji chake pale inaweza kulisoma.

Hapo bado tunazungumzia zile zenye nafuu. Ziko zinazodai kukufungulia hata akaunti iliyofungwa. Hilo ni uongo, na sababu yake ni rahisi: picha ya akaunti iliyofungwa hutolewa na seva kwa wafuasi walioidhinishwa tu. Tovuti isiyo na mfuasi huyo haina cha kukuonyesha. Basi itakuzungusha: thibitisha wewe si roboti, jibu maswali haya, weka namba ya simu, ruhusu arifa, pakua programu hii. Ukiweka namba unaweza kujikuta umeandikishwa huduma ya SMS ya kulipia, salio linakatika na huelewi kwa nini. Ukiweka nywila, umegawa akaunti.

Kuna upande wa pili wa udadisi huohuo: nani ananichungulia mimi? Mwaka 2015 programu iliyoitwa InstaAgent iliahidi kukupa majina ya wanaotazama ukurasa wako. Watu waliipakua mno, hasa Uingereza na Kanada, mpaka ikapanda kileleni mwa orodha za programu za bure. Mwezi Novemba mtaalamu mmoja wa programu nchini Ujerumani akagundua kwamba ilikuwa ikichukua majina na nywila za watumiaji na kuzituma kwenye seva isiyojulikana, bila hata kuzifunga kwa msimbo. Apple na Google wakaiondoa. Ahadi yenyewe haikuwa na mashiko tangu mwanzo, kwa kuwa Instagram haimpi mtu yeyote orodha ya waliotazama ukurasa. Na bado ahadi hiyohiyo inauzwa mpaka leo kwa majina mapya.

Sasa mwenye picha. Aliweka stori akijua itakaa saa 24 na kupotea. Tovuti inaweza kuihifadhi. Novemba 2020 Facebook, kabla haijajiita Meta, ilimshtaki raia mmoja wa Uturuki kwa kukomba picha na video za akaunti zaidi ya 100,000 za Instagram na kuzianika kwenye tovuti zake zilizoiga Instagram. Julai 2022 ikamshtaki mwingine wa hukohuko, safari hii kwa taarifa za watumiaji zaidi ya 350,000. Sitaki kuisifu Meta kwa hilo. Ni kampuni ileile iliyotozwa na Marekani mwaka 2019 dola bilioni 5 kwa makosa ya faragha za watu. Lakini mashtaka hayo yanaonyesha ukubwa wa biashara.

Binafsi naiona WhatsApp imefanya haki zaidi katika jambo hili. Ukizima alama za bluu unaweza kutazama stetasi za watu bila kuonekana, ila na wewe huoni nani katazama zako. Mnakuwa gizani wote wawili. Kwenye tovuti za chabo hakuna makubaliano ya namna hiyo. Dada aliyemkimbia mume anayempiga, akawa anakagua orodha ya watazamaji ili ajue kama amegunduliwa, orodha hiyo inamdanganya.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume ya kuisimamia. Wakenya wana yao ya 2019. Sheria zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu ajulikane na aeleze anazikusanyia nini. Fungua mojawapo ya tovuti hizi utafute jina la mwenyewe, au ofisi yake, nyingi hazina. Utamfungulia nani shauri?

Kama akaunti yako iko wazi na hupendi wageni, ifunge, au stori zako ziwekee kundi la marafiki wa karibu. Hilo litazuia za kesho. Zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi. Na kama uliwahi kuandika nywila yako kwenye programu ya aina hii, ibadilishe usiku huu huu, kila ulipoitumia. Anza na barua pepe, maana mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine zote.