Jana, Leo na Kesho za Mgonjwa

Leo tuongee juu ya skizofrenia. Ugonjwa huu wa akili humpata karibu mtu 1 kati ya 300 duniani. Si uchawi wala laana.

Tumezoea kusikia kwamba mgonjwa husikia sauti. Lakini hata wakati unaweza kumvurugikia. Mwaka 1923 Daktari Eugène Minkowski wa Ufaransa aliandika habari za mzee aliyekaa naye miezi miwili. Kila siku mzee alisema jioni atauawa. Kulipokucha yu hai, daktari alimwonyesha kosa lake, lakini wapi! Jana haikumfundisha leo kitu.

Basi mwenzetu akikosa mkutano au akipitisha siku ya sindano, tusikimbilie kumtoza faini na kumwita mvivu. Pengine kwake leo na kesho hazishikani. Sisi tumshikie. Tumkumbushe, tumpitie asubuhi, tumsindikize kliniki. Asiache dawa bila daktari kusema, hata akipata nafuu. Akiogopa, tusibishane naye, tukae naye.

Swali la kikundi: siku ya kliniki ikifika, nani kati yetu atampitia?