Sauti Ichezwe Mara Ngapi?

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vyenye vyumba vya kompyuta)

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo dogo ambalo limeanza kuleta maneno kwenye mikutano yetu. Vijana wanaojifunza Kijerumani na Kiingereza kwa kompyuta hufanya majaribio ya kusikiliza. Kijana anabonyeza, sauti inatoka, anajibu maswali. Sasa wazazi wanauliza: kwa nini kompyuta imkatalie mtoto kusikiliza tena, na hali sisi ndio tunaolipa stima na bando? Walimu nao wanasema kwamba mahali pasipo na kikomo, kijana hupata alama zote hapa nyumbani, halafu akienda kwenye mtihani wenyewe anaanguka.

Jambo hili si la mchezo. Kenya na Uingereza zilipatana mwezi Julai 2021 juu ya wahudumu wa afya, na mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zikatia sahihi mapatano ya kazi mjini Berlin. Anayetaka njia hizo hawezi kuruka lugha. Na ada ya mtihani ni mbuzi kadhaa wa mama wameenda sokoni. Akianguka, ada hairudi.

Haya, tuangalie mitihani yenyewe inafanyaje. Ule wa Kiingereza uitwao IELTS una sehemu nne za kusikiliza, maswali 40, karibu nusu saa, na kila sauti huchezwa mara moja tu. Ukipiga chafya, imepita. Mtihani wa kwanza wa Kijerumani wa Goethe, yaani A1, una sehemu tatu. Ya kwanza na ya tatu husikilizwa mara mbili, lakini ya pili, ambayo ni matangazo kama yale ya kituo cha gari moshi, mara moja. Ukipanda hadi B1, sehemu ni nne: ya kwanza na ya nne mara mbili, mbili za katikati mara moja moja. Duolingo English Test, katika swali la kusikia sentensi na kuiandika, inaruhusu hadi mara tatu. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba kuna sheria moja ya dunia nzima. Kila mtihani una shabaha yake.

Na kuna sababu. Tangazo la kituoni halirudiwi kwa ajili yako, kwa hiyo linapimwa mara moja. Lakini mazungumzo ya watu wawili ni tofauti. Sisi wenyewe mtu akisema neno hatukulishika, tunamwuliza, "Hebu rudia." Kompyuta haiulizwi. Basi ile mara ya pili, kwa maoni yangu, inashika nafasi ya lile "hebu rudia", na kwa mwanafunzi mchanga ni haki yake. Sauti ndefu ya dakika nne, ichezwe mara moja kwa mwanafunzi wa miezi miwili, hiyo inapima kumbukumbu na woga kuliko masikio.

Kuachia wazi kabisa nako kuna ubaya. Mwenye bando na nafasi anarudia mara kumi, akisimamisha kila neno na kulitafuta kwenye kamusi. Mwenzake, aliyeacha ng'ombe bila maji, anasikiliza mara mbili na kukimbia nyumbani. Alama zao mtazilinganishaje? Zamani za kaseti mwalimu ndiye aliyeshika kidude, darasa zima likasikia sawasawa. Leo kila mtu ana kidude chake, ndiyo maana lazima kikomo kiwekwe ndani ya programu.

Hapa ndipo nataka mwangalie sana, maana vikundi vyetu hununua kazi hizi kwa mafundi vijana bila kuuliza. Fundi anaweza kuficha kitufe baada ya mara mbili akasema kazi imekwisha. Lakini kama hesabu inakaa kwenye ukurasa tu, mwanafunzi akiufungua ukurasa upya hesabu inaanza sifuri. Vijana hugundua hilo siku ya kwanza, msidanganyike. Hesabu iandikwe kwenye seva, pamoja na jina la mwanafunzi na swali lenyewe. Hata hivyo, mwenzake anaweza kurekodi kwa simu ya pili, na hapo hakuna programu itakayosaidia; anatakiwa mtu wa kukaa chumbani.

Jambo linaloumiza watu wetu zaidi ni stima. Kijana amebonyeza, sauti imecheza sekunde tano, taa zimezimika. Zikirudi, kompyuta inamwambia amekwisha kusikiliza. Huo ni uonevu! Mwambieni fundi sauti yote iteremshwe kwanza kabla jaribio halijaanza, na mara moja ihesabiwe pale sauti inapofika mwisho. Na kwa kuwa wajanja watakata sauti karibu na mwisho makusudi, programu iandike pia kila mara iliyoanzishwa, ili mwalimu aone na awe na uwezo wa kumrudishia mtu nafasi aliyopotezewa. Iwepo pia sauti ya kujaribia visikilizi vya masikioni, isiyohesabiwa. Maswali yasomwe kabla ya sauti, kama mitihani mikubwa inavyofanya. Idadi ya mara zilizobaki ionekane kando ya kitufe. Si vizuri mtu aambiwe "zimekwisha" baada ya kubonyeza. Asiyesikia vizuri apangiwe mpango wake mapema, asisubiri kuomba siku ya jaribio mbele ya wenzake.

Mazoezi ni kitu kingine. Katika mazoezi, waache warudie hata mara ishirini, sikio hufunguka hivyo. Wiki za mwisho kabla ya mtihani ndipo mwalimu apunguze: tatu, mbili, halafu idadi ileile ya mtihani anaokwenda kuufanya kijana. Wa B1 na wa IELTS wasiwekwe kwenye kikomo kimoja kwa sababu tu wanatumia chumba kimoja.

Tukikutana tena, kila kikundi kimlete fundi wake pamoja na mwalimu. Tutaanzisha jaribio mbele yenu, tuzime stima katikati ya sauti, tuone kompyuta itahesabu nini.