Dripu ni Dawa, Ina Kipimo Chake
Mazungumzo na wananchi wa Ifakara

Ndugu wananchi wa Ifakara na wa vijiji vya bonde la Kilombero,

Wengi wetu tumezoea kuipima huduma kwa idadi ya chupa. Mgonjwa akitundikiwa dripu tatu twasema ametibiwa. Akitundikiwa moja, ndugu hunung'unika nje ya wodi. Nami nilikua nikiamini hivyo. Leo naomba tuitazame dripu kama dawa, kwa kuwa kipimo chake kikizidi huweza kuua.

Nazungumzia hasa sepsisi, hali ambayo maambukizi yameuzidi mwili hata viungo vikaanza kushindwa kazi. Mgonjwa hupumua kwa haraka, mikono na miguu hupoa, mkojo hupungua, akili huchanganyikiwa. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kummiminia mgonjwa huyu maji mengi kwa haraka ili kuinua mzunguko wa damu. Fundisho hilo lilijaribiwa hapa Afrika Mashariki: katika hospitali ya Teule, Muheza, katika hospitali ya Kilifi nchini Kenya, na katika hospitali nne za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa kura. Wote walitibiwa maambukizi yao na kupewa maji ya polepole. Baadhi wakaongezewa maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 10, kiasi hicho hakijazi hata chupa ya nusu lita.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika saa 48, kati ya kila watoto 100 walioongezewa maji walifariki 10 au 11. Kwa wasioongezewa, 7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vifo vilivyozidi vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuporomoka kuliko maji kujaa mapafuni, jambo lililowashangaza wengi. Mwaka 2017 utafiti wa watu wazima mjini Lusaka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, nao ulionyesha vifo vingi zaidi kwa waliopewa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha shinikizo la damu.

Hata hivyo msiikatae dripu. Watoto wenye kuharisha hawakuingizwa katika jaribio lile, na mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa vibaya huokolewa na maji mengi ya haraka. Kuzitofautisha hali hizi ni kazi ya mtaalamu aliye kando ya kitanda.

Kwa hiyo, homa ikimshika mtoto dunguni shambani, msinunue chupa na kumwita mtu aje kuitundika. Mpelekeni kituo cha afya mapema. Mwenye sepsisi anahitaji antibiotiki bila kuchelewa, na malaria ikipimwa na kuonekana, dawa yake. Ulizeni: anapewa maji gani, kiasi gani, kwa saa ngapi? Msiguse kidude cha kuongezea matone, hata kama yanaonekana kuchelewa. Akianza kuhema zaidi au kuvimba uso, mwiteni muuguzi papo hapo.

Nimekuja na chupa tupu ya nusu lita. Ipitisheni kwa kila mmoja, mtazame alama za mililita ubavuni, kisha tuanze maswali.