Askari Aliye Mbali na Kwao
(Hotuba kwa wakazi wa mpakani Mpondwe)



Tumeombwa tuzungumze juu ya usalama wa mpaka. Turuhusuni tuanzie mbali kidogo, katika bonde la Kabaw, nchini Burma, mwaka 1944. Huko walifika babu zetu wengi waliovaa sare ya King's African Rifles. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikusanya vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na nchi za jirani. Walivuka bahari hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakafanya mazoezi huko, kisha wakapelekwa India na kuingia Burma. Hata bahari haikuwa salama. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Maisha yao ya kila siku hayakuwa milio ya bunduki peke yake. Mvua iligeuza njia kuwa tope, magari yakakwama, na chakula kikadondoshwa na ndege kwa miavuli. Kila siku askari alimeza kidonge kichungu cha kuzuia malaria, na jua lilipozama alishusha mikono ya shati kwa ajili ya mbu. Aliyejua kuandika alimwandikia mwenzake barua ya nyumbani. Barua hiyo ilisomwa kwanza na ofisa wa ukaguzi, ndipo ikaanza safari ndefu kwenda kwa mama au mke aliyekuwa akingoja.

Ni nini kilichowashikilia watu hao? Kiswahili kiliwaunganisha watu wa makabila mengi katika hema moja. Tena, ndugu zetu wa Kasindi, hospitali ya uwanjani yenye wahudumu wa Kongo ilifika hadi Burma kutibu majeruhi. Mpaka huu mnaouvuka kila siku ya soko ulikuwapo tangu enzi hizo, lakini haukuwazuia watu wa pande hizi mbili kuhudumiana ugenini.

Tunayasema haya kwa sababu askari mnayemwona kizuizini pale naye yuko mbali na kwao. Mmoja wetu, alipokuwa konstebo kijana, alipangiwa kituo cha mpakani ambako hakujua lugha ya wenyeji. Aliomba chumba cha kupanga katika nyumba tatu, na kote akaambiwa vyumba vimejaa. Naye akalipiza. Kila aliyebeba mzigo akamwona mfanya magendo, kila mzee akamfokea. Miezi ikapita, wenyeji wakimwogopa, naye akiwaogopa.

Siku moja akapata habari kwamba baba yake amefariki na amekwisha kuzikwa. Aliketi nje ya kituo asile wala asinene. Bibi mmoja muuza ndizi, ambaye alikuwa amemfokea juma lililotangulia, alitua kikapu chake akamwuliza, "Mwanangu, umefiwa na nani?" Jioni ile wazee walikuja wakaketi naye kama inavyoketiwa penye msiba.

Baada ya muda, ni bibi huyo huyo aliyemwendea usiku kumweleza kwamba msichana wa jirani anavushwa mpaka na watu wasiojulikana. Kabla ya mapambazuko msichana alikuwa amerudi kwa wazazi wake. Habari kama ile haipelekwi kwa mtu anayeogopwa.

Basi tunakiri mbele yenu kwamba wapo miongoni mwetu wanaosahau kwamba wao ndio wageni. Kwa hao tunawaomba radhi. Tunawataka askari wetu wote, kila mmoja anapowasili, aende kwa mwenyekiti wa kijiji ajitambulishe, na ajifunze walau kuwasalimu wazee kwa lugha yao.

Nanyi tunawaomba mambo mawili. La kwanza, msimfungie milango. Wapo hapa wazazi ambao watoto wao wanalinda amani Somalia; mnachotamani mwanenu atendewe huko, mtendeeni huyu. La pili, msimwache afanye apendavyo kwa kuwa amevaa sare. Dhamana ya polisi haina malipo. Akikudai fedha ili umtoe ndugu yako, au akikutoza barabarani bila risiti, shika jina lake na uje kwa mkuu wa kituo. Ukimwogopa huyo, njoo na mwenyekiti wako.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Askari wetu wamekaa kwenu zaidi ya siku tatu. Wapeni jembe: waiteni katika mikutano yenu, waulizeni maswali, wadaini kazi waliyoletwa kuifanya. Nasi tutakuja kuwauliza ninyi kama wameifanya.